Miti ya Moïse

Katika parokia ya Saint-Ambert ukiuliza njia ya kwenda kwa Grandbois, watu wanakucheka kwanza. Grandbois gani? Safu ya Kwanza, ile ya nyumba zinazotazama mto, nusu yao ni Grandbois. Safu ya Pili, kule juu karibu na msitu, ni Grandbois watupu, ukimwacha mhunzi. Kwa hiyo mtu hutajwa pamoja na baba yake, kisha babu yake, na ikibidi baba wa babu yake, mpaka msikilizaji aitikie kwa kichwa. Délima alikuwa Délima wa Hormisdas wa Damase. Ukifika hapo kila mtu alijua: yule msichana mrefu asiyesema, aliyeacha shule darasa la tatu mama yake alipofariki, akabaki jikoni na bibi yake.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na utani wa nyumbani kwao juu yake ulikuwa mmoja tu. Siku alipobatizwa, baba yake alipanda mche wa mepo kando ya ghala. Mepo ndiyo miti wanayoigema huko theluji inapoanza kuyeyuka, wakayachemsha maji yake mpaka yawe sukari. Kaka yake Rosaire kila akipita pale aliupiga ule mti kofi, kama mtu anayepima ng'ombe mnadani.

"Mti wa Délima bado," alikuwa akisema. "Na mwenyewe bado."

Délima alikuwa amezoea.

Baada ya Krismasi utani ukapungua, kwa sababu Ovila Sansoucy alimposa. Ovila hakuwa mtu wa pale. Baba yake, Alphée, alinunua shamba mwisho wa Safu ya Pili miaka mitatu nyuma, akitokea Saint-Ludger, mbali kule juu ya mto. Ovila alikuwa na maneno ya kuwatosha watu wawili, na alisema alimpenda Délima kwa sababu ndiye mtu wa kwanza aliyepata kumsikiliza mpaka mwisho. Hormisdas alikubali kuwapa kipande cha nyuma cha shamba lake wakioana. Wasipooana, Ovila hakuwa na pa kulima. Shamba la Alphée lingerithiwa na kaka mkubwa wa Ovila. Angekwenda Marekani kwenye viwanda vya nguo, kwa binamu zake. Délima aliwajua waliokwenda huko. Hawarudi, na anayerudi huja na mke.

Jambo lenyewe lilitakiwa liishe kabla ya Jumatano ya Majivu, maana katika Kwaresima hakuna ndoa. Padri Lanctôt akasoma tangazo la kwanza Jumapili: Ovila Sansoucy, mwana wa Alphée, na Délima Grandbois, binti wa Hormisdas, mwenye kujua kizuizi na aseme. Kanisani hakuna aliyesema kitu. Ilikuwa nje, kwenye ngazi, watu wakifunga vizuri skafu zao na kuwasha viko, ndipo mzee Philias Morneau alipomshika Alphée mkono.

"Hebu simama, Alphée. Wewe ni Sansoucy wa nani?"

"Wa Cyprien wa Norbert wa Moïse. Kwani kuna nini?"

"Moïse wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Mababu zetu walitoka Saint-Ambert. Unadhani nilirudi kufuata nini, huu upepo wenu?"

Philias akawageukia watu. Yeye hakuwa Grandbois, bali alioa Grandbois, na tangu bibi yake Délima, Exérine, alipofariki msimu wa majani kupukutika, alikuwa amejitwalia kazi yake. Exérine ndiye aliyekuwa akiwafyekea watu ukoo. Ndivyo wanavyosema huko, kufyeka ukoo, kama mtu anavyofyeka msitu apate kuona shamba lake linapakana na la nani.

"Haya, jamani!" Philias alisema. "Na Hormisdas huyu ni wa Damase wa Basile wa nani? Wa Moïse!"

"Lakini wale ni Sansoucy," Rosaire alisema. "Sisi ni Grandbois."

"Bata wewe! Askari wa kwanza aliyetoka Ufaransa aliitwa Grandbois aitwaye Sansoucy. Jeshini kila mtu alipewa jina la pili. Watoto wakarithi yote mawili kama jozi ya viatu. Huyu akavaa cha kulia, yule cha kushoto. Mguu ni ule ule!"

Watu wakacheka. Philias akavua glavu yake ya sufu ili apate vidole vya kuhesabia. "Basile na Norbert, ndugu, kizazi cha kwanza. Damase na Cyprien, cha pili. Hormisdas na Alphée, cha tatu. Délima na Ovila, cha nne. Na Kanisa linakataza mpaka cha nne. Mimi sijatunga."

"Ulikuwa wapi na vidole vyako tangu Krismasi?" Albertine, mama yake Ovila, alimwuliza. "Kijana amemchosha farasi wangu kila Jumapili kuja kukaa jikoni kwa watu, wewe umekaa kimya!"

"Sikuulizwa, mama."

Délima alikuwa amesimama ngazi ya chini kabisa. Alisikia yote. Uso ulimwaka, akaangalia theluji.

Padri Lanctôt alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa mgeni kwenye parokia ile na hakutaka makosa. Aliwaita Hormisdas na Alphée nyumbani kwake alasiri ile ile. Vitabu vya zamani vya ubatizo viliungua pamoja na kanisa la kwanza, aliwaambia, na nakala zilizoko mahakamani hazina kurasa za miaka ile. Kuomba ruhusa ya Askofu hakukuwa na maana. Askofu alikwisha kuandika kwamba Saint-Ambert wameomba ruhusa nyingi mno za kuoana ndugu kwa ndugu, na hatatoa nyingine. Yeye mwenyewe padri angekuja Alhamisi jioni nyumbani kwa Hormisdas kusikiliza wanaojua. Wazee wawili wakiapa kwamba ni kizazi cha nne, ndoa hakuna.

"Na wakiapa kwamba siyo?" Alphée aliuliza.

"Nitasoma tangazo la pili Jumapili. Lakini nani ataapa hivyo, Alphée?"

Hormisdas alirudi nyumbani akayaeleza hayo huku akivua viatu karibu na jiko. Délima alikuwa akikatakata nyama ya nguruwe ya chumvi kwa ajili ya supu ya njegere.

"Baba," alisema, "bibi hakuwahi kumtaja Norbert."

"Kutotajwa si kutozaliwa, mwanangu. Basile alikufa baba yangu akiwa bado ananyonya. Nani wa kutusimulia habari za ndugu zake? Philias anasema Moïse alioa mara mbili. Mke wa kwanza Geneviève, bibi yetu sisi. Wa pili Charlotte, wa hao Sansoucy. Alphée naye amekiri kwamba bibi yao aliitwa Charlotte."

"Bibi alisema Geneviève ndiye aliyemfumba macho Moïse alipokufa."

Hormisdas akabaki na kiatu kimoja mkononi. "Alisema hivyo?"

"Kila mara tulipofika kwa Moïse."

"Basi Alhamisi mwambie padri."

"Mwambie wewe, baba."

"Mimi nilikuwa ghalani na ng'ombe. Wewe ndiye uliyekuwa ukimenya naye viazi. Nikisema mimi, Philias ataniuliza, 'Ulisikia lini?' nami sitakuwa na la kujibu."

Ilikuwa kweli. Délima aliurudisha mfuniko juu ya chungu. Aliujua ukoo ule wote, kwa sababu bibi yake alikuwa akiufyeka kwa sauti kila jioni ya baridi, na mtu mwingine wa kusikiliza hakuwepo. Lakini kuyasema yale mbele ya watu, Philias akimkodolea macho! Na hata akisema, neno lake lingesimama peke yake dhidi ya neno la mzee.

Jumanne Ovila alikuja mchana, siku isiyo yake, akamkuta Délima nje akipasua kuni karibu na ghala. Alichukua shoka mkononi mwake akaendelea yeye, akapasua vipande vitatu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Baba amewaandikia binamu," alisema mwishowe. "Kuna nafasi kiwandani."

Délima alipanga kuni.

"Anacheka, eti tunaye Moïse mmoja na amewazaa watu wote. Mimi sicheki. Unajua nyumbani kwetu huyo Moïse ni nani? Ni mtu wa sukari iliyoungua. Alikuwa kwenye kibanda chake, pale kwenye mstari wa mepo wa barabarani, amesimamia sufuria, mkewe amempelekea chakula. Uchungu ukamshika huko huko. Babu Norbert akazaliwa kwenye vibao vya kuni, Moïse akasahau sufuria. Mpaka leo kwetu kitu kikiungua jikoni mama anasema, 'Norbert amezaliwa!'"

"Mstari gani?"

"Huo huo wa barabarani. Kwani kuna mwingine?"

"Norbert alikuwa wa ngapi?"

"Kifungua mimba. Baada yake walikuja kumi na watatu. Ndiyo sababu walihama, ardhi haikutosha." Akapasua kipande kingine. "Kwa nini unauliza?"

Délima alikuwa akiutazama mti wake kando ya ghala. Ulikuwa mnene kama bomba la jiko, si zaidi. Baba yake alikwisha kusema hataugema yeye, labda wajukuu. Kisha akatazama barabarani, kwenye mstari wa Moïse, miti ambayo watu wawili hawakuweza kuikumbatia wakashikana mikono. Bibi Exérine alikuwa na hadithi yake juu ya mstari ule, na ndani yake sukari haikuwemo. Kwa bibi, Moïse aliupanda mstari ule mwaka aliofika Saint-Ambert na mkewe. Miche myembamba kama mpini wa mjeledi, Geneviève akiishika isimame wima, yeye akijaza udongo.

Yaani Grandbois walisimulia jinsi miti ilivyopandwa, na Sansoucy jinsi ilivyogemwa. Na mepo haigemwi mpaka ipite miaka arobaini.

"Alhamisi baba yako aisimulie hiyo ya sukari," alisema.

"Aisimulie kwa padri? Ya nini?"

"Aisimulie tu, Ovila. Yote. Mpaka kifungua mimba."

Alhamisi jikoni kwa Hormisdas hapakuwa na pa kukanyaga. Padri alipewa kiti chenye mikono. Philias alikaa karibu na jiko, kiko mdomoni, miguu ameinyosha kama mwenye nyumba. Délima alibaki alipokuwa siku zote, kati ya chungu na meza, akigawa supu na vipande vya pai ya nyama.

Philias alianza. Alianza kwa askari wa Ufaransa, akashuka polepole, na kila aliposhuka kizazi kimoja watu walisema, "Mzee anajua huyu!" Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Philias alipofika kwa Moïse alikuwa amekwisha kuweka maji mengi. Moïse alikuwa na nguvu za farasi. Moïse alizika mke mmoja asubuhi akachumbia mwingine jioni.

"Jioni ile ile?" padri aliuliza.

"Ni namna ya kusema, Baba Paroko."

Kisha Alphée akasimulia habari ya sukari, maana Ovila alimkanyaga mguu mpaka akasimulia. Watu walicheka sana. Albertine akaongeza kwamba hata wiki iliyopita Norbert alizaliwa mara mbili, maziwa na uji. Padri Lanctôt naye alicheka, akafuta miwani yake.

"Vema. Kwa hiyo pande zote mbili zinamkubali Moïse. Philias, uko tayari kuapa?"

"Baba Paroko," Délima alisema.

Hakuna aliyesikia. Philias alikuwa anasimama. Délima akakiweka kijiko kikubwa mezani, kikalia kwa kishindo. Kila mtu akageuka. Hapo alitamani sakafu ipasuke. Lakini walikuwa wamekwisha kugeuka.

"Babu Philias," alisema, "ule mstari wa barabarani aliupanda nani?"

"Swali gani hilo, mjukuu wangu? Moïse! Exérine mwenyewe aliniambia. Mwaka aliofika, Geneviève akimshikia miche."

"Na mepo inagemwa ikiwa na miaka mingapi?"

Rosaire akacheka kwa pua. "Miaka arobaini, na udongo uwe mzuri. Hata mtoto wa jirani anajua. Wewe wako bado!"

"Wangu bado," Délima alikubali. Sauti ilikuwa ndogo, na walio nyuma wakasogea karibu. "Alifika na mke, kwa hiyo hakuwa mtoto. Akapanda. Akangoja miaka arobaini. Halafu akagema, sukari ikaungua, akazaliwa Norbert."

Mtu wa kwanza kuelewa alikuwa Albertine. Aliweka bakuli lake chini.

"Anna Mtakatifu! Huyo mzee alikuwa na umri gani siku ile?"

"Sitini," Hormisdas alisema polepole. "Sitini na ushei."

"Wazee wa zamani walikuwa na nguvu," Philias alisema.

"Na wale kumi na watatu waliofuata? Aliwapata akiwa kaburini?"

"Mama, hata Ibrahimu kwenye Biblia..."

"Ibrahimu alipata Isaka mmoja tu, na mpaka leo dunia inashangaa!"

"Alipata wengine kwa mke wa baadaye, Ketura," padri alisema.

"Mnasikia?" Philias alipaza sauti. "Asante, Baba Paroko!"

"Lakini Ketura sitamwandika kwenye ndoa ya Saint-Ambert, Philias."

Kicheko kilipotulia, Délima alikuwa bado amesimama pale pale. Alijua kwamba akikaa sasa hatasimama tena.

"Bibi alisema Geneviève ndiye aliyemfumba Moïse macho," alisema. "Aliyefumbwa macho na mkewe hawezi kuoa mwingine. Charlotte alikuwa mke wa Moïse mwingine. Baba alipanda, na mtoto akagema. Jina lilikuwa moja."

Jikoni mle mle walikuwemo akina Hormisdas wawili, mkubwa na mpwa wake, na hakuna aliyewahi kushangaa. Watu wakatazamana. Hormisdas mpwa akakuna kichwa.

Padri akamgeukia Philias. "Exérine alipata kukuambia kwamba Moïse alioa mara mbili?"

Philias alivuta kiko chake. Kilikuwa kimezimika. Alikigonga kwenye jiko, akakitazama ndani, akakigonga tena. Délima alifikiri mzee angekataa tu, na mambo yangeishia hapo, maana nani angembishia?

"Hakuniambia," Philias alisema. "Nilikuta wanawake wawili na mwanamume mmoja. Nikafanya hesabu."

"Hesabu mbaya."

"Hesabu nzuri, Baba Paroko. Waume ndio walipungua."

Hata Délima alicheka. Padri Lanctôt naye akahesabu kwa vidole vyake, upande huu wa Ovila akina Moïse wakiwa wawili, na kizazi kikafika cha tano. Kanisa hufuata upande mrefu, alisema. Huyo Moïse mdogo awe mtoto wa yule mkubwa au mpwa wake, hesabu imepita katazo. Lakini bado alitaka wazee wawili waape. Alphée akasimama mara moja. Nafasi ya pili ilikuwa wazi, na macho yote yakamwendea Philias, kwa sababu ndiye aliyezuia ndoa hadharani.

"Niape nini sasa?" alinung'unika.

"Apa kwamba Moïse na Geneviève walipanda mstari ule, na kwamba mepo haigemwi kabla ya miaka arobaini."

"Hilo naapa hata nikiwa usingizini." Akanyanyua mkono. Alipokaa tena akamwita Délima kwa kidole. "Wewe. Miaka yote hii nilidhani paka amekula ulimi wako."

"Nilikuwa namsikiliza bibi."

"Mh. Niletee pai nyingine basi, nimechoka kukosea nikiwa na njaa."

Tangazo la pili lilisomwa Jumapili ile, la tatu iliyofuata, na Jumanne kabla ya Majivu wakaoana, baridi ikiwa kali hata divai ya misa ilitaka kuganda. Baada ya misa Délima aliandika jina lake katika chumba cha padri, polepole, kwa ile elimu yake ya darasa la tatu: Délima Grandbois. Kwenye karatasi za kanisa mwanamke hubaki na jina la baba yake mpaka kaburini. Barabarani ni habari nyingine; barabarani alikuwa amekwisha kubadilika kabla wino haujakauka.

Philias ndiye aliyekuwa akingoja kwenye ngazi, kofia mkononi, kupiga kelele ya desturi.

"Huyu hapa! Délima wa Ovila wa Alphée wa Cyprien wa Norbert wa Moïse!"

"Bado," Albertine alisema.

"Nini bado, mama? Nimefika mwisho."

"Umesahau mmoja."

Watu wakaanza kucheka, kisha wakamtazama bibi harusi. Délima aliona haya. Lakini mtu alipaswa kusema, na Philias alikuwa amesimama mdomo wazi.

"Wa Moïse wa Moïse," alisema.

"Wa Moïse wa Moïse!" Philias akaitikia kwa sauti ya kufika mtoni, kana kwamba ndiye aliyemgundua.

Sleji ya Ovila, ikiteleza juu ya theluji nyuma ya farasi, ilipanda kuelekea Safu ya Pili, ikapita chini ya mstari wa barabarani. Mwezi mmoja tena na ndoo zingetundikwa pale. Ovila alikuwa ameanza kueleza atakavyojenga nyumba, mlango utazame upande gani, ng'ombe wangapi kwanza, na miche ya mepo ataipanda wapi. Délima alijifunika blanketi mpaka kidevuni, akamsikiliza.